Farasi, Tope na Mkeka

Leo tunazungumza habari za farasi.

Nasikia mtu anacheka, na ana haki ya kucheka. Kwetu huku Mzenga farasi ni mnyama wa kwenye picha. Mbung'o hawajamruhusu kukaa. Mdudu huyu hubeba vijidudu vya nagana, na farasi akishapata nagana hana maisha marefu. Mwaka 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yaliingia nchi hii kupigana na Wajerumani yakiwa na vikosi vya wapanda farasi. Farasi walikufa kwa maelfu, na waliouawa na maradhi ni wengi mno kuliko waliouawa na risasi. Ndugu zetu wa Unguja walimmaliza mbung'o wao kwa kufuga madume kule Tanga, kuyatasisha kwa mionzi, kisha kuyamwaga kisiwani kwa ndege mpaka uzao ukakatika. Mbung'o wa mwisho alinaswa mwaka 1996. Huku bara bado tunaye.

Lakini farasi ameingia Mzenga kwa njia nyingine. Ameingia kwa simu. Kijana amekaa pale karibu na stesheni ya TAZARA, bando anayo, anaangalia mbio za Uingereza au Afrika Kusini na mkeka wake wa kubeti ameshauandika. Mmoja wao alinitumia ujumbe wenye hasira. Alisema kuna farasi alishinda wiki ile kwa mbali kabisa, akamwekea pesa wiki iliyofuata, farasi yuleyule akamaliza wa pili kutoka mwisho. Swali lake lilikuwa fupi: "Kaka, hizi mbio si zimeuzwa?"

Mdogo wangu, inawezekana. Duniani mbio zimewahi kuuzwa, sitakudanganya. Ila kabla hujamtuhumu mtu, uliza kwanza farasi yule alikimbia juu ya nini.

Farasi wa mbio ana kilo 450 mpaka 500 hivi. Akipiga shoti anakaribia kilomita 60 kwa saa, na kwato zake hazitui kwa pamoja. Zinatua moja baada ya nyingine. Kwa nukta ya sekunde, mguu mmoja unabeba zaidi ya mara mbili ya uzito wa mnyama mzima. Hiyo ni tani moja inayotua juu ya kwato moja. Ardhi ikiwa ngumu, mshindo wote unarudi mguuni, na kano za miguu ya mbele ndizo zinazolia kwanza. Ikiwa laini, kwato inazama, na kila hatua inakuwa na kazi mbili: kujichomoa, kisha kwenda mbele. Mbio za mita 2,400 kwenye tope zinamchosha farasi kama za mita nyingi zaidi.

Farasi nao hawafanani. Wapo wanaokimbia chini chini, miguu inafyeka majani, hawapotezi nguvu kwenda juu. Hao wape ardhi kavu yenye majani mazuri, hutawashika. Wapo wanaonyanyua magoti juu, wenye kwato pana. Kwenye ardhi kavu hao wanaonekana wazito, lakini mvua ikinyesha wanapita wenzao waliokwama. Watu wa Mzenga hawahitaji kufundishwa hili, maana masika wanaliona barabarani: Fuso lililokuja kwa mbwembwe limezama mpaka ekseli, na bodaboda inapita pembeni kwenye majani, dereva hata hageuki kutazama. Kiangazi Fuso lilelile ndilo linaloitupia bodaboda vumbi.

Ndiyo maana kwenye nchi za mbio hali ya ardhi hutangazwa asubuhi kabla ya kitu kingine chochote. Zamani msimamizi alitembea kiwanja kizima akichoma fimbo yake na kukanyaga kwa kisigino. Siku hizi Uingereza wana fimbo maalumu yenye kipimo: inachomwa ardhini, kisha inavutwa mpaka ilale digrii 45, na inatoa namba kwa mambo mawili, yaani ardhi inavyokataa kuchomwa na inavyokataa kupasuka. Hilo la pili ndilo muhimu zaidi kwa maoni yangu, kwa sababu farasi anajisukuma kwa kuirarua ardhi nyuma yake. Halafu wanatangaza: ngumu, kavu, nzuri, laini, nzito. Kijana wa mkeka anaruka maneno hayo, anakwenda moja kwa moja kwenye jina la farasi na bei. Ameruka nusu ya habari.

Hebu tusogee jirani. Nairobi kuna kiwanja cha Ngong, chini ya Jockey Club of Kenya, kilichofunguliwa mwaka 1954. Njia yake ni ya majani, na mbio hukimbizwa zaidi siku za Jumapili. Kule juu ni nyanda za baridi, mbung'o hasumbui, ndiyo maana farasi wanazaliwa na kukua. Sasa angalieni jambo hili. Mbio kubwa za mwaka, Kenya Derby, ambazo farasi wa miaka mitatu hukimbia mita 2,400, kwa kawaida huwekwa mwezi wa Aprili. Aprili Nairobi ni nini? Ni masika. Farasi anaweza kuwa ameshinda mbio zake zote za Januari na Februari, majani yamekauka na ardhi inalia kama ngoma, akawa ndiye kipenzi cha kila mtu. Wiki ya Derby mbingu zinafunguka. Jumapili anaingia kwenye kiwanja ambacho ni kilekile kwa jina tu. Masaisi wanaomlisha na kumtembeza kila alfajiri wanalijua hilo mapema kuliko mwenye mali, maana wao ndio wanaoona mnyama anavyokanyaga palipolowa: kama anasita, masikio yanalala nyuma, au kama anapita bila kujali.

Kisa cha kano na ardhi kimo pia katika historia ya mji ule. Mwaka 1926, kabla kiwanja cha Ngong hakijakuwapo, Kenya ilikuwa na mwanamke kijana aliyekuwa akifundisha farasi, Beryl Markham, yuleyule ambaye miaka kumi baadaye alivuka bahari ya Atlantiki peke yake kwa ndege. Alikuwa na farasi jike aitwaye Wise Child, mwenye mbio na moyo, lakini kano za miguu yake zilikuwa zimeharibika. Farasi mwenye kano mbovu ukimfanyisha mazoezi juu ya ardhi ngumu kila siku, unamuua kabla ya siku ya mbio. Usipomfanyisha mazoezi, anafika siku ya mbio hana pumzi. Ufundi wote ulikuwa hapo katikati. Wise Child alishinda mbio za Kenya St Leger za mwaka huo, Sonny Bumpus akiwa mgongoni, na akamshinda Wrack, farasi ambaye Markham mwenyewe alikuwa amemfundisha kabla mwenye mali hajamhamisha. Wengi huisimulia habari ile kama habari ya mwanamke jasiri, na ni kweli. Mimi naiona pia kama habari ya mtu aliyekuwa akihesabu kila hatua ambayo miguu ile ingeivumilia.

Hiyo ni hali ya ardhi kwa jumla. Kuna lingine ambalo wacheza kamari huliita upendeleo wa njia: upande mmoja wa kiwanja unakuwa mwepesi kuliko mwingine, na farasi aliyepangiwa upande mbaya ameshapungukiwa kabla mageti hayajafunguka.

Chanzo kimoja ni hesabu ya darasa la saba. Njia ikipinda nusu duara, farasi anayekimbia mita tatu nje ya mwenzake anaongezewa safari. Zidisha tatu kwa pai, ile 3.14 ya shuleni, unapata mita 9.4. Farasi mmoja toka pua hadi mkia ni mita 2.4 hivi. Kwa hiyo kona moja tu imekula karibu urefu wa farasi wanne, na mbio nyingi huamuliwa kwa shingo au kichwa. Mji wa Chester, Uingereza, una kiwanja kidogo kinachozunguka karibu muda wote kama sahani. Farasi wanakimbizwa pale tangu mwaka 1539. Kwenye mbio zake fupi, aliyepangiwa geti la ndani kabisa ana faida ambayo hata mtoto anaiona, na wa nje kabisa anahitaji kuwa bora mno ili aifute.

Lakini msikimbilie kusema basi ndani ni kuzuri siku zote. Kila mtu anataka ndani, kwa hiyo ndani ndiko kunakokanyagwa. Baada ya mbio tano majani yameng'oka, kumekuwa mashimo na tope, na mpanda farasi mwerevu anamtoa wake nje kwenye majani mazima. Anaongeza mita tisa za safari na bado anashinda. Kona nyingine zimejengwa na mwinamo kuelekea ndani ili farasi asiteleze nje, na maji nayo hufuata mwinamo huohuo yakatuama upande wa uzio. Wasimamizi nao wanauhamisha uzio mita kadhaa kutoka wiki hadi wiki ili majani yapumzike. Kwa hiyo upendeleo ulioujua Jumapili iliyopita huenda leo haupo, au umegeuka kabisa. Anayekuuzia siri ya kiwanja kwa kundi la WhatsApp muulize kama anajua uzio wa leo umewekwa wapi. Atanyamaza, au atakutoa kwenye kundi.

Lamu nako, kwa watu wetu kabisa, wanashindanisha punda barabara ya ufukoni, hasa wakati wa Maulidi na sikukuu za utamaduni. Barabara nyembamba, watu wamejaa hadi ukutani, vijana wamepanda bila tandiko. Pale njia yenyewe inapanuka na kubana kwa jinsi umati unavyosogea. Aliyetangulia anapata njia, aliye nyuma anapata migongo ya watu. Sijaona kiwanja chenye upendeleo wa wazi kuliko kile, na hakuna anayelalamika, maana wote wamekulia pale wanajua: ukichelewa kuondoka, umekwisha.

Kwenye mchanga sheria ni nyingine tena. Marekani mbio kubwa ni za kwenye udongo wa mchanga, siyo majani. Farasi wa mbele anawarushia wa nyuma mchanga machoni na puani, na wapo wasiotaka kabisa kupigwa vile, wanakata tamaa. Kwa hiyo anayeondoka kwa kasi ana faida kubwa. Dubai walitupa mfano mzuri, na wenzetu wengi walioko kule kazini watanielewa. Dubai World Cup ilikimbizwa kwenye mchanga tangu 1996, na miaka ya 2007, 2008 na 2009 washindi wote walitoka mazizi ya Marekani. Mwaka 2010 wakahamia kiwanja kipya cha Meydan, wakatandika kitu cha kutengenezwa, mchanga uliochanganywa na nyuzi na nta. Katika miaka mitano ya kitandiko kile Mmarekani alishinda mara moja tu, Animal Kingdom mwaka 2013. Mwaka 2011 kombe likaenda Japani kwa Victoire Pisa. Wakaking'oa, wakarudisha mchanga kuanzia kombe la 2015. Mwaka 2016 akashinda California Chrome, 2017 Arrogate, wote wa Marekani. Mbio ni zilezile na mji ni uleule. Kilichobadilika ni kilichotandikwa chini.

Hapa naomba tuende taratibu, kwa sababu ni hapa vijana wengi wanapoliwa. Mifano ni mitamu, na mifano michache inadanganya. Chukua shilingi irushe mara sita, ukisema kichwa ni upande wa ndani, mwenge ni upande wa nje. Hakuna upendeleo wowote katika shilingi. Lakini nafasi ya kupata mara tano au zote sita upande mmoja ni 14 katika 64, yaani zaidi ya siku moja katika kila siku tano. Maana yake ni kwamba kwenye kiwanja kilicho sawa kabisa, chenye mbio sita kwa siku, zaidi ya siku moja kati ya tano utaona upande mmoja "umeshinda" na utaapa ardhi ina jambo. Ukirudi kesho kuweka pesa yako upande ule, unamfuata jini wa kujitungia. Hata ule mfano wangu wa Dubai, miaka mitano ni michache. Nauamini kwa sababu tunajua mchanga unafanya nini kwa farasi, siyo kwa sababu ya hesabu ya washindi peke yake.

Na wakati mwingine hata tukio la wazi lina tafsiri mbili. Oktoba 2012, Longchamp, Paris, mbio za Prix de l'Arc de Triomphe. Wajapani, ambao wanalitamani kombe lile kuliko maelezo, walileta Orfevre. Ardhi ilikuwa imelowa hasa. Alipangiwa nje kabisa, akapita wote kwa upande wa nje, akachukua uongozi kama anakwenda sokoni. Kisha akaanza kulalia ndani, akaegemea uzio, akapunguza. Farasi jike Solemia, ambaye hakuna aliyekuwa akimhesabu, akamnasa mstarini kwa shingo. Ni tope? Lilichangia, maana Solemia alilipenda. Ni geti la nje? Lilimlazimisha kusafiri zaidi. Lakini Orfevre mwenyewe alikuwa mkorofi anayejulikana, akijiona yuko peke yake analegea. Mimi nagawa lawama kwa watatu. Siku kumi na tatu baadaye, Ascot, Uingereza, Frankel aliingia kwenye ardhi laini ambayo watu walihofia ingemvunja, tena mbele ya Cirrus des Aigles aliyekuwa mtaalamu wa tope. Akachelewa kutoka getini. Akashinda hata hivyo, mbio yake ya 14 na ya mwisho, bila kushindwa hata moja. Wapo wanyama wachache ambao ardhi inawasumbua lakini haiwazuii. Ni wachache mno, na bei yao haikupi faida.

Hilo la bei ndilo nataka vijana mlishike. Geti la ndani la Chester kila mtu analijua, kwa hiyo farasi wa geti lile bei yake imeshashushwa kabla wewe hujafungua simu. Mwenye kampuni ya kubeti ana watu wa kupima mvua, wa kutazama uzio, wa kuhesabu mageti ya miaka ishirini. Kama faida ya ardhi ni ya kweli, imo ndani ya bei tayari. Kama haimo ndani ya bei, basi uwezekano mkubwa ni kwamba haipo. Wanaojua kazi hii hawamtafuti mshindi wa jana. Wanamtafuta yule aliyemaliza wa nne jana akiwa amesukumwa nje kona zote mbili kwenye tope asilolipenda, wanaandika jina lake, wanasubiri siku atakayopangiwa ndani kwenye ardhi kavu. Hiyo ni kazi ya daftari na subira, kazi ya kutwa. Kijana mwenye shamba la mihogo au bodaboda hana muda huo, na asidanganywe kwamba anao.

Kwa hiyo yule aliyeniandikia nimemjibu hivi. Nilimwambia aangalie tena taarifa za mbio zile mbili. Alipoangalia, ya kwanza ilikimbizwa ardhi nzito, ya pili ardhi kavu. Hakuna aliyeuza kitu. Ilikuwa mvua tu.

Nimalizie na zile mbio nyingine, za kwenye skrini za vibanda vya kubeti, zinazokimbizwa kila baada ya dakika chache mchana na usiku. Farasi wamechorwa vizuri, jasho linaonekana, pengine hata mvua inanyesha na tope linaruka. Wengi wananiuliza namba ngapi inapenda tope. Hakuna. Pale hakuna kwato wala majani, hakuna kona, hakuna uzio uliohamishwa. Kompyuta inachagua namba kwa kubahatisha, kisha inachora picha ya kufuata namba ile, na sehemu ya kila shilingi inayowekwa imeshatengwa kwa mwenye mashine. Ukikaa na daftari mwaka mzima kuandika namba zilizotoka, hutajua chochote kuhusu namba itakayofuata. Michezo hii inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya sheria ya mwaka 2003, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuicheza. Wazazi wa Mzenga na wenye vibanda, mtoto wa sare za shule akija na buku lake kuwekea farasi namba nne, mrudisheni nyumbani na buku lake.